Nambari Inayosema Uongo: Kutoka Reli ya Voi Hadi Stoo ya Pampu Mboghoni

Ni siku nyingi sijaandika, na leo nimekuja na habari ya nambari. Si hesabu, msikimbie! Nazungumzia ile nambari iliyopigwa chapa kwenye kipuri: kwenye beringi, kwenye mkanda wa mashine ya kusaga unga, kwenye pampu ya maji. Sisi watengeneza programu huiona kama safu moja tu ndani ya jedwali. Nami niliiona hivyo, hadi shamba moja la ndizi lilipokaa siku nne bila maji kwa sababu ya jedwali langu.

Kisa chenyewe ni hiki. Huku Mboghoni, Taveta, watu wengi wanalima ndizi kwa maji ya kumwagilia, na pampu ndogo za petroli za inchi tatu ni kitu cha kila siku. Nilipomaliza digrii yangu ya sayansi ya tarakilishi nilimwandikia fundi mmoja wa pampu programu ya stoo. Nikabuni nambari za vipuri, nambari zenye akili kama nilivyoziita kwa majivuno. PM-3-05 maana yake ilikuwa pampu ya maji, inchi tatu, kipuri cha tano, yaani impela (ile feni ya ndani inayosukuma maji). Ukiisoma tu unajua ni nini. Nikaweka na safu ya toleo: A, B, C, kama watu wa kiwandani.

Baada ya muda zikaja impela mpya. Kwa macho zilikuwa zile zile. Tofauti ilikuwa moja: tundu la shafti. Za zamani zilikuwa za milimita 19, hizi mpya milimita 20. Mimi nikaandika PM-3-05, toleo B, nikaenda zangu. Programu ikajumlisha A na B pamoja, kwa kuwa nambari ni moja.

Basi mama mmoja akaleta pampu yake, impela imekatika mabawa. Kijana wa stoo akaangalia skrini: PM-3-05, zipo nne. Mama akaambiwa asiwe na wasiwasi, kesho itakuwa tayari. Kumbe zote nne ni B, na pampu yake ni ya shafti ya 19. Kijana akaziba ule mwanya kwa kipande cha bati la mkebe wa soda. Pampu ikafanya kazi saa chache, kisha ikaanza kutetemeka, na shafti ikaliwa. Sasa ikawa si impela tena, ni impela na shafti, na shafti ilibidi itoke Mombasa. Siku nne, jua la Februari, ndizi zimeshaanza kutoa mikungu. Hasara ile hakuna safu ya kuiandika.

Pale kwa fundi kuna mzee mmoja ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970, enzi za East African Railways, alianza kazi katika stoo za reli. Aliitazama programu yangu kwa utulivu, akaniambia: "Mwanangu, tarakilishi yako imehesabu sawa. Lakini nambari yako inasema uongo. Inasema hivi vitu viwili ni kimoja."

Nikamwuliza, kwani nyinyi reli mlifanyaje? Akacheka. Akaniambia reli nayo imewahi kusema uongo wa aina hiyo, tena kwa vitu vya tani mia mbili. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya reli kwa jicho la mtengeneza programu, na hiki ndicho nilichokipata.

ORODHA KWANZA

Kwa wale ambao hawajafanya kazi na viwanda: kila kitu kinachoundwa kina orodha ya vipuri vyake. Pampu moja ina mwili mmoja, impela moja, sili moja, boliti nne, gasketi moja. Injini ya pampu nayo ina orodha yake, na kabureta ndani ya injini ina orodha yake tena. Ni mti: mzazi, watoto, wajukuu. Kila tawi lina nambari ya kipuri na idadi yake. Mhasibu huitumia orodha hiyo kujua gharama, mnunuzi kujua cha kuagiza, fundi kujua cha kufunga. Nambari ikiwa mbovu, wote watatu wanapotea kwa pamoja.

Afrika Mashariki imeijua orodha hii muda mrefu kabla ya tarakilishi. Tuanze na meli.

Mwishoni mwa karne ya 19, Waingereza walitaka meli ya mvuke katika Ziwa Viktoria. Lakini huwezi kuifikisha meli ziwani kwa bahari. Basi kampuni ya Bow, McLachlan huko Paisley, Uskoti, iliunda meli SS William Mackinnon kwa namna ya pekee. Iliunganishwa kiwandani kwa boliti tu, kila kipande kikaandikwa nambari, kisha ikafunguliwa yote na kusafirishwa vipande vipande hadi Mombasa. Reli ilikuwa bado haijafika ziwani, kwa hiyo sehemu ya mwisho ya safari vipande vilibebwa bila treni. Kule Kisumu ndipo vilipounganishwa tena, safari hii kwa ribiti, na meli ikashushwa majini mwaka 1900.

Hebu fikiria. Mamia ya mabamba ya chuma, mengine yanafanana kama mapacha, na yule aliyeyaandika nambari yuko Uskoti. Hakuna simu ya kumwuliza. Kitu pekee kinachounganisha akili ya kiwandani na mikono ya Kisumu ni ile nambari na ile orodha.

Wajerumani nao walifanya vivyo hivyo kwa kipimo kikubwa zaidi. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa katika makasha 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam na kisha Kigoma, na mwaka 1915 ikaelea juu ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isiangukie mikononi mwa adui. Mwaka 1924 ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya: Liemba. Miaka ya 1970 injini zake za mvuke zikatolewa, zikawekwa za dizeli.

Sasa niwaulize, wadau: hiyo ni meli moja au ni meli mbili? Jina limebadilika, bendera imebadilika, injini imebadilika. Lakini kila mtu wa Kigoma atakwambia ni ile ile. Shikilieni swali hilo, kwa sababu ndilo swali la nambari za vipuri: kitu kinaweza kubadilika kiasi gani na bado kikawa kile kile?

RELI YA MLANGONI KWETU

Turudi nyumbani. Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896, ikapita Voi, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwishoni mwa 1901. Upana wake ulikuwa mita moja kati ya chuma na chuma. Uamuzi huo haukuwa wa bahati nasibu. India ilikuwa tayari na reli nyingi za mita moja, kwa hiyo vichwa vya treni, mabehewa na vipuri vingeweza kutoka huko, na baadhi ya vichwa vya kwanza vilikuja vikiwa vimeshatumika India. Kwa lugha yetu ya programu, waliamua kufuata kiolesura kilichokwishapo badala ya kubuni kipya.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Waingereza, ili wafikishe maji, chakula na risasi kwa askari wao, wakaanza mwaka 1915 kujenga tawi la reli kutoka Voi kuelekea magharibi, kupitia Maktau na Mbuyuni. Februari 1916 wakashindwa vibaya katika kilima cha Salaita. Machi mwaka huo wakaitwaa tena Taveta, na reli ikaendelea hadi Kahe, ambako ilikutana na reli ya Wajerumani ya Tanga hadi Moshi.

Hapo ndipo pana jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Reli ya Wajerumani nayo ilikuwa ya mita moja! Mataifa mawili yaliyokuwa yakiuana yalikuwa na majina tofauti, viwanda tofauti na michoro tofauti. Lakini kipimo kile kimoja kilikuwa sawa, na kwa hiyo chuma cha Voi kiliweza kuungana na chuma cha Tanga.

Linganisha na Voi ya leo. Tangu 2017 kuna reli ya SGR yenye upana wa milimita 1,435, ikipita karibu na ile ya zamani ya milimita 1,000. Zote mbili zinaitwa reli. Zote zinatoka Mombasa kwenda Nairobi. Lakini huwezi kuchukua ekseli ya moja ukaiweka kwenye nyingine, hata ukilipwa. Kwa hiyo somo la kwanza ni hili: jina na sura havitoshi kusema vitu viwili ni kimoja. Kinachosema ni pale vinapokutana na wenzake. Impela yangu ya 19 na ya 20 zilikuwa SGR na reli ya zamani. Mimi nikazipa nambari moja.

EC, EC1, EC2, EC3... NA EC4

Sasa tufike kwenye ule uongo wa reli alioutaja mzee.

Miaka ya 1920 Reli ya Uganda ilibadilishwa jina ikawa reli ya Kenya na Uganda. Mizigo ilikuwa inaongezeka, lakini reli yenyewe ilikuwa nyepesi, yenye kona kali na milima. Dawa ilikuwa kichwa cha aina ya Garratt, kilichopewa jina la mbunifu wake, Mwingereza Herbert William Garratt. Boila moja inaning'inizwa katikati ya seti mbili za magurudumu, mbele na nyuma, na kila seti inajipinda peke yake kwenye kona. Nguvu za vichwa viwili, dereva mmoja.

Wa kwanza hapa kwetu waliingia mwaka 1926 kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, wakaitwa kundi la EC. Baadaye likaja kundi EC1. Mwaka 1931 likaja EC2, lililoundwa na North British, Glasgow. Mwaka 1939 likaja EC3.

Ukiwa mtengeneza programu, ukiona EC, EC1, EC2, EC3 unafikiri nini? Unafikiri matoleo. Toleo la kwanza, la pili, la tatu. Kitu kile kile kikiboreshwa. Ndivyo nilivyofikiri mimi. Lakini tuangalie magurudumu. Vichwa vya mvuke huelezwa kwa kuhesabu magurudumu: madogo ya mbele, makubwa ya kusukuma, madogo ya nyuma. Kwa Garratt unahesabu mara mbili, kwa seti zote mbili. EC, EC1 na EC2 walikuwa 4-8-2+2-8-4. EC3 alikuwa 4-8-4+4-8-4. Yaani fremu zimebadilika na magurudumu yameongezeka. Huyu si EC2 aliyeboreshwa, huyu ni mnyama mwingine, mkubwa zaidi, na jina lake limeongezeka tarakimu moja tu.

Halafu likaja EC4 mwaka 1944. Kwa mtiririko huo ungetarajia EC3 iliyoboreshwa. Wapi! EC4 ilikuwa Garratt ya vita, iliyobuniwa kwa mahitaji ya jeshi la Uingereza, na ilirudi kwenye 4-8-2+2-8-4. Haikuwa mtoto wa EC3 kabisa. Ilipewa 4 kwa sababu tu ilifika baada ya 3.

Mnaona tatizo? Tarakimu ile ya mwisho ilikuwa ikifanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Mara inasema hili ni toleo la lile, mara inasema hili lilifika baada ya lile. Na msomaji hana njia ya kujua ni ipi. Mzee alinieleza kwa maneno yake: "Ukienda stoo ukasema nataka kitu cha EC, utaulizwa: EC ya baba, ya mama au ya mjomba?" :-)

TAREHE 1 MEI 1948

Siku hiyo reli ya Kenya na Uganda iliunganishwa na reli ya Tanganyika, ikazaliwa East African Railways and Harbours. Hapa ndipo historia inanoga kwa yeyote aliyewahi kuunganisha hifadhidata mbili.

Kila upande ulikuja na nambari zake na majina ya makundi yake. Ungefanyaje? Wangeweza kuongeza herufi mbele, K kwa Kenya na T kwa Tanganyika, wakalala. Hawakufanya hivyo. Walivipa vichwa vyote vya treni nambari upya za tarakimu nne: mbili za kwanza zinataja kundi, mbili za mwisho zinataja ni kichwa cha ngapi katika kundi hilo.

EC3 ikawa kundi la 57. EC4 ikawa kundi la 54. Ule udugu wa uongo kati yao ukavunjwa kwa kalamu. Na mwaka 1949 walipoletewa vichwa vilivyotokana na muundo wa EC3 lakini vya kuchoma mafuta, hawakuviita 57 toleo B. Vilipewa kundi jipya: 58. Kichwa cha makaa na kichwa cha mafuta vinaweza kufanana kwa nje, lakini jiko lake, matangi yake na mabomba yake si vile vile, na mtu wa stoo anapaswa kulijua hilo kabla hajanyoosha mkono kwenye rafu.

Kisha mwaka 1955 na 1956 likaja kundi maarufu la 59, vichwa 34 vilivyopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, 5901 hadi 5934. Kila kimoja tani zaidi ya 250, vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko vyote duniani kwenye reli ya mita moja. Vilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, kwa hiyo Voi iliwaona kila siku. Ukienda Makumbusho ya Reli Nairobi utawakuta wawili: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Shengena ni kilele cha milima ya Pare, majirani zetu ng'ambo ya Ziwa Jipe.

Mfumo huu wa tarakimu nne ulikuwa bora sana. Hata baada ya ushirika kuvunjika mwaka 1977, vichwa vya dizeli vya Kenya vya makundi ya 93 na 94 vilifuata mtindo huo huo. Lakini haukuwa bila mitego. Katika makumbusho hayo hayo kuna kichwa kimoja cha EC3 kiitwacho Karamoja. Kwenye mfumo wa zamani kilikuwa nambari 87. Kwenye mfumo mpya kikawa 5711. Na baadaye East African Railways ikawa na kundi la 87 la vichwa vya dizeli vya English Electric. Kwa hiyo karatasi ya zamani ikisema "spea za 87", inaweza kumaanisha kichwa kimoja cha mvuke au kundi zima la dizeli. Ukibadilisha mfumo wa nambari, za zamani haziendi kuzimu. Zinabaki kwenye karatasi, kwenye vichwa vya watu na kwenye chuma chenyewe. Lazima uziwekee mahali pake.

BOMBA LA MOSHI NA LOGBUKU

Kuna jambo la pili reli ilinifundisha, nalo ni kinyume cha la kwanza.

Mwaustria mmoja, Adolph Giesl-Gieslingen, alibuni aina mpya ya bomba la moshi, pana kwa urefu na jembamba kwa ubavu, linalovuta moshi vizuri zaidi na kuokoa mafuta. East African Railways waliliweka kwenye vichwa vingi, vikiwemo vya kundi la 59. Ukitazama picha za mwanzo na za baadaye utaona tofauti mara moja.

Je, vichwa hivyo vilipewa nambari mpya? Hapana. 5918 kilibaki 5918. Na hiyo ni sahihi! Kichwa kilifanya kazi ile ile, kwenye reli ile ile, kikivuta mabehewa yale yale. Msimamizi wa safari hakuhitaji kujua bomba limebadilika. Lakini mtu wa stoo alihitaji. Kwake yeye bomba la zamani na la Giesl ni vipuri viwili vyenye nambari mbili, na anapaswa kujua kila kichwa kina lipi.

Huu ni mfano tunaouishi wote. Namba ya gari KBZ na kadhalika haisemi kama ni Probox au lori, wala rangi yake. Ni kitambulisho tu. Habari zote ziko kwenye logbuku: chasisi, injini, rangi. Ukibadilisha injini, logbuku inabadilishwa, namba ya gari inabaki. Kama namba ingekuwa na rangi ndani yake, kila anayepiga gari rangi angelazimika kubadilisha namba.

Nchi za NATO zina mfumo wa namna hiyo kwa vifaa vya kijeshi: tarakimu 13. Nne za mwanzo zinasema ni kifaa cha aina gani, na zile tisa zinazofuata ndizo kitambulisho chenyewe. Kifaa kikihamishiwa aina nyingine, zile nne zinaweza kubadilika, zile tisa hazibadiliki. Tarakimu saba za mwisho hazina maana yoyote, zinatolewa kwa zamu tu. Ukosefu huo wa maana ndio nguvu yake: nambari isiyosema kitu haiwezi kusema uongo.

Najua kuna atakayeniuliza: na beringi je? Swali zuri. Beringi 6204 ina tundu la milimita 20, 6205 milimita 25. Unazidisha tarakimu mbili za mwisho kwa tano. Hiyo ni nambari yenye akili, na kila fundi anaipenda. Inafanya kazi kwa sababu ni kanuni ya dunia nzima iliyogandishwa: 6204 haitaamka siku moja ikawa na tundu la 21. Lakini hata hapo kuna mtego, maana 6203 ni milimita 17 wala si 15. Na nyuma ya nambari kuna mkia: 2RS ni ya sili za mpira pande zote mbili, ZZ ni ya ngao za chuma. Zote mbili zitaingia kwenye pampu. Lakini weka ZZ mahali penye matope na maji, utarudi dukani mapema.

KANUNI NILIYOICHUKUA

Watu wa viwandani duniani wana kipimo chao cha maswali matatu: umbo, mkao na kazi. Kipuri kipya kina umbo lile lile? Kinakaa mahali pale pale na kushikana na wenzake vile vile? Kinafanya kazi ile ile? Mimi nimeyafupisha yawe swali moja la stoo: nikifumba macho nikachukua chochote kati ya hivi viwili, fundi ataweza kukifunga kwenye mashine yoyote inayokihitaji bila kuniuliza?

Kama jibu ni ndiyo, hilo ni toleo jipya. Nambari inabaki, herufi ya toleo inapanda: A, B, C. (Kawaida herufi I na O hurukwa, zisichanganywe na 1 na 0.) Orodha za mashine hazibadiliki, kwa sababu orodha hutaja nambari bila toleo.

Kama jibu ni hapana, hicho ni kipuri kipya. Nambari mpya, basi. Na hapo orodha ya mzazi wake nayo inabadilika, na unapanda mti ngazi kwa ngazi ukiuliza swali lile lile, hadi ufike mahali ambapo anayetazama kwa nje haoni tofauti. Pampu yenye shafti ya 20 inasukuma maji sawa na ya 19 na bomba lake ni la inchi tatu. Kwa hiyo mwenye shamba anaweza kuchukua yoyote. Mabadiliko yanaishia hapo.

Programu nimeiandika upya. Kwa wanaopenda undani, majedwali ni manne. La kwanza ni vipuri: nambari ya tarakimu sita isiyo na maana yoyote, na maelezo yake pembeni, likiwemo tundu la shafti. La pili ni matoleo: nambari, herufi, tarehe, na kilichobadilika. La tatu ni orodha: mzazi, mtoto, idadi, na kuanzia pampu yenye namba ipi ya chasisi hadi ipi. La nne ni majina ya zamani: kila nambari iliyowahi kutumika, hata zile za mitindo yangu ya majivuno, na inamaanisha kipuri kipi leo. Ukiandika PM-3-05, programu haikupi jibu. Inakuuliza: shafti ya 19 au ya 20?

Safari ya kubadilisha ilichukua wiki tatu, na siku nyingi zilikuwa za stoo, si za tarakilishi. Nilikaa na kijana wa stoo tukipima kila impela kwa kalipa na kuiandika kwa rangi. Tulikuta vipuri vitatu vingine vyenye ugonjwa ule ule, vikingoja tu siku yao.

Yule mama alirudi mwezi uliofuata kununua sili. Nilimwomba msamaha, nikamweleza kosa lilikuwa langu, si la kijana. Akanisikiliza, akasema: "Sawa mwanangu. Lakini mimi sijui mambo ya tarakilishi. Nikiambiwa ipo, najua ipo."

Nimeliandika neno hilo juu ya meza yangu ya kazi. Mtu akiambiwa ipo, iwepo. Mengine yote tunayoyasoma chuoni ni njia za kufika hapo.

Haya, tukutane chapisho lijalo. Na ukipita Makumbusho ya Reli Nairobi, mtafute Karamoja, umsalimie kwa nambari zake zote mbili.